Shamba la Mtoto, Mavuno ya Nani?

Hotuba iliyotolewa Malindi mbele ya walezi wa klabu za kilimo shuleni, wazazi na wanafunzi

Bwana mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, wazee wetu mlioacha shughuli zenu mkaja kutusikiliza, na nyinyi vijana mliojipanga pale karibu na mlango: salaam aleikum, na Bwana asifiwe. Wazee, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie historia ya klabu za kilimo za vijana wa mashambani. Mwenyekiti amenipa saa nzima, lakini joto hili halitanipa hata nusu. Kwa hiyo sitasimulia yote. Nitafuata swali moja tu, kutoka zilikoanzia klabu hizi mpaka hapa tulipokaa: mtoto akishalima, mavuno ni ya nani? Nimefundisha kilimo miaka mingi, na kwa maoni yangu swali hilo ndilo linaloamua kama klabu itaishi au itakufa. Fulana, bendera na wimbo haviwezi kuiokoa klabu iliyolijibu vibaya.

Tuanzie Marekani, maana ndiko mtindo huu ulikotokea. Mwishoni mwa karne ya 19 vyuo vya kilimo vya huko vilikuwa na maarifa tele kuhusu mbegu na udongo, lakini wakulima hawakuwa na haja nayo. Mtu amelima tangu utotoni, kisha anakuja kijana wa chuo mwenye viatu vinavyong'aa kumwambia mbegu zake hazifai. Nyinyi mngemkaribisha? Kule Illinois, katika wilaya ya Macoupin, bwana mmoja aliyeitwa Will Otwell aliitisha mkutano wa wakulima, nao waliofika walikuwa wachache kiasi cha kutia aibu. Akaona isiwe taabu. Akawaacha wazee, akawaendea wavulana. Aliwagawia mbegu bora za mahindi wakapande wenyewe, kisha walete walichovuna kwenye maonyesho washindanie zawadi. Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Wazee wale wale waliokataa mkutano walikuja kuona watoto wao wameleta nini.

Mwaka 1902, tarehe 15 Januari, msimamizi wa shule za kijijini huko Ohio, Albert Belmont Graham, aliwakusanya wavulana na wasichana wa miaka 10 hadi 15 katika chumba cha chini cha mahakama ya mji wa Springfield. Hicho ndicho kikao ambacho chama cha 4-H, kile cha klabu za vijana wa Marekani, hukihesabu kuwa mwanzo wake. Kazi alizowapa zilikuwa nyepesi: wachague mbegu za mahindi, wapande mboga na maua kwenye bustani ndogo, walete udongo wa kwao upimwe kwa karatasi ya litmasi ijulikane kama una asidi. Na kila walichofanya wakiandike. Hebu fikirieni mtoto wa miaka 12 anarudi nyumbani na kumweleza babake kwa nini kile kipande cha bondeni hakizai. Mzee atacheka, lakini usiku atalala akiliwaza jambo hilo.

Kusini mwa nchi hiyo mambo yalikwenda kasi zaidi, kwa sababu kulikuwa na balaa. Fukusi wa pamba alikuwa amevuka kutoka Mexico akiteketeza zao ambalo majimbo mazima yalilitegemea. Mzee Seaman Knapp, wa Wizara ya Kilimo, alishikilia kwamba mkulima haamini anachoambiwa, huamini anachokiona kwenye shamba lake. Mwaka 1907 William Smith, msimamizi wa shule katika wilaya ya Holmes, Mississippi, akaanzisha klabu ya mahindi ya wavulana, na Knapp akaiunga mkono. Masharti yake naomba walezi muyashike. Kila mvulana awe na ekari moja. Ailime mwenyewe, aandike gharama zote, na atakachovuna kiwe chake.

Kisha kulikuwa na namna ya kutoa alama, na hapa nitakaa kidogo, maana tangu niijue nimekuwa nikiipigia debe kila niendako. Kwenye klabu zile mavuno yalikuwa na alama 30 tu kati ya 100. Faida ilikuwa na alama 30. Magunzi kumi bora ya kuonyesha yalikuwa na alama 20, na alama 20 zilizobaki zilikwenda kwa maelezo ambayo kijana aliandika kwa mkono wake kuhusu jinsi alivyolima. Yaani nusu ya ushindi ilikuwa kwenye daftari: umetumia nini, umepata nini, umejifunza nini. Linganisheni na maonyesho yetu. Sisi tunaangalia boga kubwa kuliko yote. Tunalipiga picha, tunalifunga utepe, na hakuna anayeuliza lilimeza ndoo ngapi za maji na maji yale yalinunuliwa kwa nani.

Mwaka 1910 kijana wa Carolina Kusini, Jerry Moore, alivuna bushel 228 na robo tatu za mahindi kwenye ekari moja. Kwa kipimo chetu hayo ni zaidi ya magunia 64 ya kilo 90. Hapa pwani ukifikisha magunia kumi kwa ekari majirani wanaanza kukutazama vibaya. Wazee wa kule hawakuwa na la kusema. Mtoto wa shule alikuwa amewapita kwenye kazi yao wenyewe, katika jimbo lao, na hesabu ilikuwa imeandikwa.

Mwaka huo huo, na katika jimbo hilo hilo, mwalimu Marie Cromer wa wilaya ya Aiken aliona kwamba wavulana wana klabu na wasichana hawana kitu. Akaanzisha klabu ya nyanya. Kila msichana alipewa sehemu moja ya kumi ya ekari, akapanda nyanya, na zilipoiva akafundishwa kuzihifadhi kwenye mikebe na kuziuza. Pesa zilikuwa zake. Mnaelewa uzito wa jambo hilo? Katika nyakati zile msichana wa kijijini alifanya kazi za nyumbani kwao tangu alfajiri na hakushika senti. Nyanya zile ziliwapeleka baadhi yao shule ambazo wasingezifikia. Nasema haya huku nikiwatazama akina mama waliokaa upande huu, maana hapa kwetu binti akipewa kitu alime, mara nyingi hupewa kitoweo cha jioni: mchicha, mnavu, mtsunga. Anamwagilia yeye, anachuma yeye, na siku ya kuuza anatumwa kakake.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka. Alama ya jani la klova ilitokea Iowa, kwa walimu kama Jessie Field, na zile H nne za 4-H zilikuja kusimamia, kwa Kiingereza, kichwa, moyo, mikono na afya. Sheria ya Smith-Lever ya mwaka 1914 ikaziweka klabu chini ya huduma ya ugani, yaani ya kuwafikishia wakulima ushauri wa kilimo, inayolipiwa na serikali kuu, majimbo na wilaya kupitia vyuo. Uingereza ikaanza na ndama: mwaka 1921, katika kijiji cha Hemyock huko Devon, watoto walipewa ndama wawalee, kisha wanyama wakapigwa mnada. Baada ya Vita Vikuu vya Pili mtindo ukasambaa Asia na Afrika.

Kuhusu sheria ile ya 1914 nina neno moja zaidi. Tangu hapo kulikuwa na mtu mwenye mshahara ambaye kazi yake, siyo hisani yake, ilikuwa kulea klabu. Kwetu klabu ni mwalimu. Mwalimu akihamishwa Garsen, klabu inapanda matatu naye. Kilimo kiligatuliwa mwaka 2013, maafisa ugani wako chini ya kaunti, na bajeti ya kaunti hujadiliwa na wananchi. Wazazi mnaolalamika barazani nendeni mkalalamike huko, ambako malalamiko yanaandikwa.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo vitabu vya sifa huipitia kwa kunong'ona. Ekari moja ya mvulana wa Mississippi ilitoka kwa nani? Kwa babake. Na kama babake hakuwa na ardhi? Kusini mwa Marekani familia nyingi mno za Wamarekani weusi zililima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, miaka arobaini na kitu baada ya utumwa kukomeshwa. Mtoto wa familia ile angeahidiwa vipi kwamba mavuno ni yake, ikiwa hata ya babake hayakuwa yake yote? Kisha klabu zenyewe zilitenganishwa kwa rangi. Watu weusi walikuwa na maafisa ugani wao, wakianzia na Thomas Monroe Campbell aliyeajiriwa mwaka 1906 kwenye chuo cha watu weusi cha Tuskegee, na watoto wao walikuwa na klabu zao, zenye fedha kidogo na zawadi duni. Utengano huo haukuondolewa kisheria mpaka Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964.

Kwa nini niwachoshe na habari za Mississippi? Kwa sababu Malindi nayo ina habari zake za ardhi, na wengi wenu mnazijua kuliko mimi. Mji huu ulipofufuliwa na Sultani wa Zanzibar mnamo 1861 uligeuka ghala la nafaka. Majahazi yaliondoka hapa yamesheheni mtama, mahindi na ufuta kwenda Arabuni, na waliolima walikuwa watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi ya ukanda wa pwani, na wengi waliokuwa wakilima bila karatasi wakajikuta ni maskwota kwenye ardhi ya mwingine au ya serikali. Mwaka 1914 Waingereza wakaamua kuwaondoa Wagiriama kwenye mashamba mazuri ya ng'ambo ya mto Sabaki, baada ya mama yetu Mekatilili wa Menza kuwakusanya watu wakatae kazi na kodi zao. Yaliyotokea mnayajua, sina haja ya kuyarudia mbele ya wajukuu zao.

Kwa hiyo mtaalamu akija na kitabu cha mtindo wa kigeni na kusema baba mpe mtoto ekari moja, hajui anamwambia nani. Katika darasa la hapa Malindi nusu ya watoto watakuambia shamba wanalolima kwao "si letu, tunakaa tu". Mtu anayekaa tu hapandi mnazi, kwa sababu mnazi ni madai ya ardhi, na mwenye ardhi analijua hilo. Anapanda mahindi na mihogo, vitu vya msimu. Msimwite mvivu. Amehesabu vizuri.

Ndiyo maana kwetu kipande cha mtoto lazima kitoke shuleni. Na hapo ndipo tulipoharibu.

Kenya ilianzisha klabu za 4-K mwaka 1962, kwa mfano wa zile za Marekani, tukiwa tunanusa Uhuru. Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Wazee wa rika langu humu ndani wanatabasamu, kwa hiyo wanakumbuka. Shule za msingi zilikuwa na 4-K, za sekondari zikawa na klabu za wakulima vijana, na mwisho wa safari ulikuwa maonyesho ya Mombasa, pale Mkomani, mtoto amevaa sare iliyopigwa pasi akimweleza mgeni kuhusu sungura. Palikuwa na fahari, silikatai.

Lakini shuleni, jembe lilikuwa pia chombo kingine. Umechelewa? Nenda kalime. Umeongea kilugha? Kalime. Hujafanya hesabu? Chukua jembe, na mwalimu wa zamu akuonyeshe mstari wako. Mtoto yule yule Ijumaa anaambiwa kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Mahindi yakikauka yanaingia stoo ya shule, na mengine yanaingia nyumba za walimu. Shule moja niliyoifanyia kazi ilivuna muhogo mzuri sana mwaka mmoja, na watoto walioulima waliuona tena mara moja tu, ukiwa umekaangwa na unauzwa getini. Walilipa.

Ndugu zetu Tanzania walijaribu kwa upana zaidi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na kila shule ikawa na shamba. Wazo lilikuwa kwamba wanafunzi waamue pamoja walime nini na mapato yatumikeje. Katika shule nyingi kilichobaki ni kulima. Kuamua kulibaki ofisini. Mimi namheshimu sana Mwalimu, na ukiyasoma maandishi yake utaona alilitahadharisha jambo hili mapema, lakini ni rahisi zaidi kumpa mtoto jembe kuliko kumpa sauti.

Juni 2021 serikali ilizindua upya klabu za 4-K, na mtaala mpya umekirudisha kilimo darasani. Nimefurahi. Ila nimeshatembelea shule ambazo klabu yake ni ubao uliopakwa rangi na magunia matano ya sukuma wiki yaliyopandwa wiki ya mgeni rasmi.

Basi tufanye nini? Mniwie radhi, mimi ni mtu wa udongo, nitasema kwa vitu.

Kila mwanachama apewe tuta lake, hata la mita mbili kwa nne, lenye kibao chenye jina lake. Siyo tuta la klabu, siyo la darasa la saba. La Kadzo. La Omari. Tuta la wote hupaliliwa na wachache na kuvunwa na mwenye ufunguo wa stoo. Mvua za mwaka zikikaribia, huku kwetu mwezi wa nne, matuta yawe yameshachimbwa na mboji imeingia, kwa maana mchanga wetu hauweki maji. Visima vingi karibu na bahari vina chumvi. Shule ya namna hiyo ijaribu bamia na mchicha kabla ya kung'ang'ania nyanya, na ikinge maji ya paa.

Wafanye majaribio ya kweli. Mstari mmoja wa PH4, mbegu ya mahindi iliyotolewa na watafiti wa Mtwapa kwa ajili ya pwani, na mstari mmoja wa mdzihana, mahindi ya kienyeji aliyoyatunza bibi uchagani juu ya moshi wa jiko. Wapime mavuno kwa pishi. Kisha wasiishie hapo kama wataalamu wengi wanavyoishia: waweke debe moja la kila aina miezi minne, wahesabu punje zilizotobolewa na wadudu. Inawezekana bibi akashinda. Akishinda, iandikwe hivyo hivyo.

Na wafundishwe kumtoa chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa minazi. Wengi wa vijana hawa wanamla mnazi tangu wazaliwe na hawajui anayemuua. Shikeni mnazi mchanga, tazameni pale kwenye moyo makuti yanapochipukia: mkiona tundu lenye nyuzinyuzi kama makumbi yaliyotafunwa, chonga yumo. Chukueni waya mgumu uliokunjwa ncha kama ndoana, ingizeni taratibu, zungusheni, vuteni. Hutoka mweusi, mgumu, ana pembe, na hupiga kelele kidogo. Baada ya hapo angalieni rundo la samadi na magogo ya minazi iliyooza hapo jirani, kwa sababu ndiko anakotaga. Mtoto aliyemtoa chonga kwa mkono wake hatamruhusu babake aache gogo likiozea uwanjani.

Wenzetu wa Mpeketoni na Hongwe, kaunti ya Lamu, wana pamba na wana ufuta. Nao wasifuate daftari la Malindi, wafuate zao lao. Mtoto wa mlima pamba ajue kupima uzito wa gunia la babake kabla halijafika kwa mnunuzi. Hilo peke yake lingeifanya klabu ichukiwe na watu fulani, na itakuwa dalili njema.

Daftari liwe na safu nne: siku, kazi, gharama, mapato. Maji yahesabiwe. Mbegu alizopewa bure zihesabiwe kwa bei ya duka, zisionekane zimeanguka kutoka mbinguni. Siku ya maonyesho daftari liwekwe juu ya meza mbele ya boga, na waamuzi walisome kwanza.

Na mavuno ni ya mtoto. Shule ikidai fungu kwa ajili ya maji na uzio, fungu hilo liandikwe ukutani kabla ya kupanda, siyo baada ya kuona zao limenawiri.

Kuna mlezi mmoja aliniuliza asubuhi, tukinywa chai: mtoto akiuza mchicha wake kisha pesa zote akanunulia soda na viazi karai, tumfanye nini? Mwalimu wangu, zilikuwa zake. Muulize tu kama amebakisha za mbegu, na kama hakubakisha, msimu ujao usimkopeshe. Asanteni sana. Mwenyekiti, kama dakika zipo, ningependa swali la kwanza litoke pale mlangoni, kwa vijana.